Cherehani ya ngozi ya mtumba inaposumbua: soma dalili kabla ya kushika bisibisi

Cherehani ya mtumba ikianza kukata uzi au kuruka mishono, wengi hukimbilia kulegeza ndoano, kile chuma kinachozunguka chini na kudaka uzi wa sindano. Hapo ndipo tatizo la sindano ya bei ndogo linapogeuka kuwa kazi ya siku nzima. Ndoano haihami yenyewe bila sababu, bali sindano hupinda, uzi hutoka njiani, na gundi hujaa tunduni kila siku. Kwa hiyo mpangilio wa ukaguzi ni huu, na usiuruke: sindano, uzi, njia ya uzi, mgandamizo wa mguu, mwendo wa mota. Ndoano ni ya mwisho.

Maelezo haya yanahusu cherehani za meza bapa zenye miguu inayotembea, za ukoo wa Singer 111W: Juki LU-563, Consew 206RB, Seiko STH na ndugu zao. Ndizo zinazowafaa washona mikoba, mikanda myepesi, viti vya gari na viatu vya wazi, na miguu ya moja hukaa kwenye nyingine kwa sehemu kubwa, jambo linalorahisisha kupata vipuri.

Kabla ya kulipa: je, ni ya ngozi kweli?

Tatizo kubwa kuliko yote hutokea dukani. Cherehani nyingi zinazouzwa kwa jina la "ya kiwandani" zimetoka viwanda vya nguo. Juki DDL-8700, kwa mfano, ni mashine nzuri sana ya mashati na sare za shule. Kwenye ngozi ya milimita 2 mara mbili, ngozi ya chini itasukumwa na meno, ya juu itazuiwa na mguu, na mwisho wa mshono kipande kimoja kitakuwa kimepitiliza kingine. Hakuna sindano wala marekebisho yatakayoiponya.

Njia ya kuitambua haihitaji umeme. Weka urefu wa mshono mkubwa, zungusha gurudumu polepole kwa mkono, sehemu yake ya juu ikija kwako, na uangalie sindano kwa ubavu. Sindano ikizama kwenye ngozi, inapaswa kusafiri kwenda nyuma pamoja na meno ya chini na mguu wa ndani, huku mguu wa nje ukiwa umenyanyuka. Kisha mguu wa nje unashuka kushikilia ngozi, sindano na mguu wa ndani vinapanda na kurudi mbele. Kama sindano inapanda na kushuka tu pale pale, hiyo ni ya nguo. Kama miguu inapishana lakini sindano haisafiri, ni bora kidogo kuliko ya nguo ila bado siyo unayoitafuta.

Ukoo huu nao una mwisho wake. Ngozi laini ya jumla ya milimita 8 hivi inatosha. Soli, tandiko la farasi au mkanda wa ngozi ngumu wenye unene wa sentimita moja na zaidi ni kazi ya mashine nzito za aina ya Juki TSC-441, na muuzaji akisema "hii inashona hata soli", mwombe aishone mbele yako.

Nenda na ngozi yako, uzi wako na sindano mpya. Muuzaji hujaribia kitambaa, na kwenye kitambaa karibu kila cherehani hushona. Vitu vya kukagua kwa dakika kumi:

- Gurudumu lizunguke duara zima bila kugota. Ugumu wa mahali pamoja unaorudi kila mzunguko ni dalili ya shafti iliyopinda au uzi uliojisokota ndani ya ndoano. Ugumu wa kote kote mara nyingi ni mafuta yaliyoganda tu, na hilo linaoshwa.
- Shika nguzo ya sindano, itikise mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mbele na nyuma kutakuwa na uhuru kidogo kwa sababu inasafiri. Uhuru mkubwa wa kushoto na kulia ni dalili ya kulika, na utakusumbua kwa kuruka mishono.
- Fungua kifuniko cha bobini, washa tochi ya simu, pitisha ukucha kwenye ncha ya ndoano. Iwe kali na laini. Ncha iliyovunjika ina maana ya ndoano mpya, na hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko nyingine zote, kwa hiyo iingie kwenye bei.
- Rudisha mshono nyuma kwa wenzo. Sindano iangukie matundu yale yale, au karibu sana.
- Soma kibati cha mota. Usikubali "itafanya kazi tu".

Mota: inanguruma, inachoma, au inakimbia

Kibati cha mota ndicho kinachoeleza mashine imetoka wapi. Mota ya Japani inaweza kuwa ya volti 100 fezi moja au volti 200 fezi tatu. Ya Marekani ya volti 110 hadi 120. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, hezi 50. Ukichomeka mota ya volti 100 moja kwa moja, hutasubiri dakika tano kupata harufu. Mota ya Ulaya iliyoandikwa 220/380 ni ya fezi tatu. Kwenye gridi yetu ya fezi tatu inafungwa kwa muundo wa nyota, na hiyo ni kazi ya fundi umeme.

*Inanguruma bila kuzunguka.* Zima mara moja. Kwa mota ya fezi tatu, fezi moja haifiki: fyuzi, swichi au waya. Kwa mota ya fezi moja, mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Kabla ya yote mawili, toa mkanda wa mota ujue kama ni mota au ni kichwa cha cherehani kilichokwama.

*Inazunguka kinyume.* Gurudumu linakwenda upande wa pili, uzi unajifunga chini tangu hatua ya kwanza. Mota ya fezi tatu hugeuzwa kwa kubadilishana waya mbili kati ya tatu. Mota ya servo, ile ya kielektroniki, ina kitufe au namba ya kuseti. Ukibadilisha mota, jaribu mwelekeo wake mkanda ukiwa nje.

*Mota inazunguka, cherehani haifuati.* Mota za zamani zina klachi inayoshikwa kwa pedali. Fimbo ya pedali ikiwa ndefu kupita kiasi, klachi haishiki. Bitana ya klachi ikilika au ikiingia mafuta, klachi inateleza. Na ikiwa cherehani inaendelea kutambaa baada ya kuondoa mguu, breki ya klachi ndiyo inayohitaji kurekebishwa.

*Inakimbia mno.* Hili ndilo lalamiko la kila anayeanza, na hesabu yake ni nyepesi. Mwendo wa cherehani ni mzunguko wa mota, mara kipenyo cha puli ya mota, gawanya kwa kipenyo cha puli ya gurudumu. Mota ya klachi ya mizunguko 2,850 yenye puli ya milimita 75, ikivuta gurudumu la milimita 110, inakupa mishono 1,943 kwa dakika. Hakuna mtu anayezungusha kona ya pochi kwa mwendo huo. Weka puli ya milimita 50, unashuka hadi 1,295. Mota ya 1,425 yenye puli hiyo hiyo ya 50 inakupa 648, na hapo unaweza kufanya kazi. Kumbuka puli ikipungua kutoka 75 hadi 50, mkanda unatakiwa uwe mfupi kwa karibu milimita 40, isipokuwa kama mota inaweza kushushwa kwenye mabano yake. Ukibonyeza mkanda katikati kwa kidole, ushuke sentimita moja hadi mbili. Ukikazwa zaidi ya hapo unakula bushi na kuongeza uzito wa kuzungusha.

Kwa pesa ya kununulia kitu kimoja tu cha ziada, nunua mota ya servo ya wati 550 au 750 ya fezi moja. Haina kelele, haili umeme ukiwa umekaa, na unaipunguza mwendo kwa namba. Ila ina udhaifu wake: ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa, sindano inaweza kugota kwenye maungio manene. Usiitibu kwa kuongeza mwendo. Puli ndogo, au kipunguza mwendo cha 3:1 kati ya mota na kichwa, huongeza nguvu ya kutoboa.

Inakata uzi wa juu

Usitupe uzi uliokatika. Chukua ncha yake, iweke kwenye mwanga, iangalie.

Ncha yenye kidonge kidogo kigumu, kama kichwa cha kiberiti, imeyeyuka. Sindano imepata moto kwa mwendo mkali, au tundu lake limejaa gundi. Gundi ya mpira ya mafundi viatu ikishonwa kabla haijakauka hupanda na sindano na kuganda tunduni. Acha ikauke kabisa, punguza mwendo, paka silikoni kidogo kwenye uzi au kwenye sindano. Sindano yenye gundi ifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, ukiwa mbali na mota na swichi.

Ncha iliyochanika manyoyamanyoya imekwaruzwa. Ama sindano ni ndogo kwa uzi huo, ama kuna mkwaruzo mahali fulani kwenye njia. Jaribio la sindano: pitisha uzi wa sentimita 30 kwenye sindano iliyo nje ya mashine, shika ncha zote mbili ukiuvuta wima. Sindano iteleze kushuka kwa uzito wake. Ikikaa pale ulipoiacha, panda saizi.

Ncha iliyokatwa safi, kama kwa mkasi, imepita kwenye ukingo mkali: tundu la bamba la sindano, ncha ya ndoano, au kando ya nyumba ya bobini iliyopigwa na sindano zamani. Sugua kwa msasa wa maji namba 600, halafu 1000. Usiguse ubapa wa ncha ya ndoano yenyewe zaidi ya kuondoa kikwaruzo.

Kwa uzi wa nailoni uliogandishwa (bonded), ulinganifu unaofanya kazi ni huu:

- Uzi namba 69: sindano saizi 100 au 110
- Namba 92: 110 au 120
- Namba 138: 125 hadi 140
- Namba 207: 160, nao uko ukingoni mwa uwezo wa mashine hizi

Mikoba mingi inakaa vizuri kwenye 138 juu, na 138 au 92 chini. Anayelazimisha 207 kwa sababu "unaonekana mnene" ndiye atakayerudi kulalamika kuhusu mvuto wa uzi.

Sindano za ukoo huu ni mfumo wa 135x17 kwa turubai na mikanda ya kusukwa, na 135x16 yenye ncha ya kukata kwa ngozi. Sindano za mashine za nguo, DBx1, ni fupi na shina lake ni jembamba. Mtu anaweza kuikaza ikakaa, na cherehani haitashona hata hatua moja. Kwenye kundi hili mfereji mrefu wa sindano unatazama kushoto, kibonyeo kilicho juu ya tundu kinatazama kulia iliko ndoano, na uzi unaingia kutoka kushoto. Kwenye aina nyingine yoyote, kibonyeo ndicho kinachokuongoza: kila mara kinaelekea ndoano.

Kama yote hayo yako sawa na uzi bado unafumuka kabla ya kufika kwenye sindano, angalia ulivyosokotwa. Ushike kwa mkono wa kushoto, uuviringishe kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia kuja kwako. Ukijikaza, ni msokoto wa kushoto, ndio unaotakiwa. Ukifumuka, ni wa kulia, utumie kushonea kwa mkono.

Inaruka

Ngozi ina tabia ambayo kitambaa hakina: inaishika sindano. Sindano inapoanza kupanda, inapaswa kuuacha uzi ujikunje kitanzi kidogo upande wa ndoano. Ngozi ikipanda pamoja na sindano, hata kwa milimita moja, kitanzi hakijiundi, ndoano inapita patupu. Ndiyo maana cherehani inayoshona turubai vizuri huruka kwenye ngozi ingawa mpangilio wake wa ndani hauna kasoro.

Basi zungusha kwa mkono, jicho likiwa kwenye ngozi pembeni ya mguu wa ndani. Ukiona inanyanyuka, ongeza mgandamizo kwa skrubu ya juu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Bado? Weka sindano mpya ya ncha ya kukata. Inaruka kwenye maungio tu: sindano inapinda ikigonga unene, panda saizi moja au punguza ngozi kwa kisu kwenye maungio. Inaruka kila baada ya hatua kadhaa kwenye ngozi tambarare, hata kwa sindano mpya iliyozama hadi mwisho wa tundu lake: sasa unaweza kuanza kushuku ndoano.

Vitanzi chini, vitanzi juu

Vitanzi chini ya ngozi vinatoka juu. Hili huwachanganya watu, wakaanza kukaza skrubu ya bobini. Uzi wa juu haujavutwa: haujaingia katikati ya visahani vya kukazia, umetoka kwenye mkono wa kuvuta uzi, au uchafu umevitenganisha visahani. Tunga uzi upya mguu ukiwa juu, kwa sababu mguu ukiwa chini visahani vimebana na uzi mnene hukaa juu juu. Kisha shusha mguu, vuta uzi kwa mkono: uwe na uzito dhahiri.

Vitanzi au vinundu juu vina maana uzi wa juu umekazwa mno kulingana na wa chini. Skrubu ya nyumba ya bobini huguswa kwa robo ya robo, si kwa mzunguko mzima, na chini ya kibati chake hujificha vumbi la uzi linalofanya mvuto ubadilike kila saa. Likwangue kwa kipande cha karatasi ngumu.

Halafu kuna kesi isiyo na dawa kwenye skrubu: ngozi nyembamba, uzi mnene. Fundo linahitaji mahali pa kujificha. Ngozi ya milimita 1 haiwezi kuficha fundo la nyuzi mbili za 138, utalihamisha juu na chini siku nzima. Shuka hadi 69 au ongeza bitana.

Rundo la uzi mwanzoni mwa mshono tu si ugonjwa. Acha mikia ya sentimita 10, ishike yote miwili kwa hatua mbili tatu za kwanza.

Ukisikia mlio wa "tak" kila hatua na mvuto unabadilika bila sababu, tazama kifungulio cha nyumba ya bobini, kile kidole kidogo kinachoisukuma kidogo kila mzunguko ili uzi upite. Kisipofungua vya kutosha, uzi unabanwa na kuruka kwa nguvu. Nafasi iwe inayopitisha uzi unaoutumia, basi.

Haivuti, au mishono inafupika

Mishono inayofupika kila inapopanda ngazi ya unene inatokana na miguu kutonyanyuka vya kutosha. Nyuma ya kichwa kuna mkono wenye nati kwenye mwanya. Kuisogeza huongeza au kupunguza kupishana kwa miguu. Kwenye ngozi tambarare, miguu yote miwili inyanyuke sawa. Usiweke mnyanyuko mkubwa kuliko unaohitaji, kwa sababu miguu itapiga kelele na mwendo utalazimika kushuka.

Alama za meno chini ya ngozi nazo zina bei yake. Ukipunguza mgandamizo alama zinapungua, ngozi inaanza kupanda na sindano, cherehani inaruka. Suluhisho la kudumu ni miguu laini isiyo na meno, na meno ya chini kuparuzwa kwa msasa hadi makali yafe bila kuyafuta. Fanya hivyo kwenye meno ya akiba, maana hayarudi.

Gurudumu linazunguka, ndoano imesimama

Hapa watu hudhani cherehani imekufa. Nyingi za ukoo huu zina klachi ya usalama inayojiachia uzi ukikwama, ili ndoano isivunjike. Toa kwanza uzi uliokwama, wote. Bonyeza kitufe kilicho kwenye bapa la cherehani, ukiwa umekishikilia zungusha gurudumu kwa nguvu kinyume na kawaida hadi usikie "klik". Klachi ikijiachia tena bila kukwama, imelika au imelegea. Mashine isiyo nayo, au iliyofungwa isifanye kazi na fundi aliyechoka nayo, ikikwama inaweza kurusha jino la mkanda wa ndani, na mpangilio wote unahama.

Sasa ndoano

Toa bamba la sindano, weka sindano mpya, urefu wa mshono uwe mfupi kabisa. Chora alama ya kalamu kwenye kila kitu kabla ya kukilegeza. Shusha sindano hadi chini kabisa, kisha izungushe ipande milimita 2.2 hadi 2.4. Wakati huo ncha ya ndoano iwe katikati ya sindano, milimita 1.5 hadi 2 juu ya ukingo wa juu wa tundu. Pengo kati ya ncha na kibonyeo ni milimita 0.05 hadi 0.1: karatasi ya kawaida ya kuchapishia ipite kwa kukwaruza au isipite kabisa, lakini ncha isiguse sindano.

Ncha iko katikati lakini iko chini mno au juu mno ya tundu? Ni urefu wa nguzo ya sindano uliohama, si ndoano. Ukimaliza, rudisha urefu wa mshono unaoutumia kila siku na uzungushe tena kwa mkono mara kadhaa, kwa kuwa sindano inayosafiri hubadilisha kidogo mahali inapokutana na ndoano. Ikigonga popote, usiwashe mota.

Nzito, au inadondosha mafuta

Cherehani iliyokaa stoo mafuta yake yamegeuka gundi. Weka mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta, izungushe kwa mkono, iache usiku kucha, rudia hadi itoke rangi safi. Kisha mafuta meupe ya cherehani, matone mawili matatu kila tundu, na tone moja kwenye njia ya ndoano kila siku ya kazi. Mafuta ya injini ni mazito na mafuta ya kupikia huganda. Baada ya kuweka mafuta, shona kipande chakavu kwa dakika mbili kabla ya kuingiza ngozi ya mteja: tone moja linaloshuka kwenye nguzo ya sindano huingia kwenye ngozi isiyopakwa rangi, na halitoki.